Mwaka wa Maji ya Kobot Chelangat

Simu ya Chelangat ilinikuta nimeshika ndoo. Hapa kwetu Shirati bomba lilikuwa na siku ya nne bila kutoa hata tone, na mimi nilikuwa navuka uani kwenda kwa jirani mwenye tangi, khanga kiunoni na hasira ya asubuhi kichwani. Akasema, "Perusi, mama ametuacha jana." Nikaikalia ile ndoo bila kufikiri, ikapasuka chini yangu. Nililia na kucheka kwa pamoja, maana mama mwenyewe ndiye aliyenigombeza miaka mingi iliyopita kwamba chombo cha maji si kiti. Shule niliishia darasa la tano, mambo ya kupamba maneno siyawezi. Nitasema yaliyotokea mwaka ule wa tisini na sita, na nitataja majina, kwa sababu waliotufanyia yale hawajatajwa mahali popote mpaka leo. Mmoja ni Zablon Nyakwaka. Wa pili ni Weldon Kirui. Sikio langu la kushoto halisikii hadi leo, na ni wao wawili walioliziba.

Ya nyumbani nayaacha. Nilivuka mpaka pale Sirari nikiwa na miaka kumi na tisa, nikapanda milima hadi nchi ya chai, upande wa Kimulot, nimfuate Akinyi. Akinyi alikuwa binti wa upande wa ziwa wa Kenya, tuliyejuana kwenye mkutano wa kanisa, na alikuwa ameajiriwa shambani kuchuna majani chai. Mimi sikuwa na kitambulisho cha Kenya. Kulikuwa na njia yake: mchunaji mwenye namba aliruhusiwa kuja na msaidizi, na majani ya msaidizi yakapimwa kwa namba ya mwenyewe. Kwa hiyo kwenye mizani mimi nilikuwa Akinyi wa pili. Jina langu halikuwa mahali popote. Tuliishi kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kama meno, chumba kimoja cha mawe chenye paa la bati, kitanda kimoja. Akinyi alilala ukutani kwa sababu alidai mimi napiga mateke kama samaki aliyetolewa majini. Kulikuwa na dirisha la mbao, picha ya Yesu iliyokatwa kwenye kalenda, na msumari mmoja ambapo kila kitu chetu kilining'inia. Nikifumba macho sasa hivi bado nasikia harufu ya chumba kile: moshi wa kuni, omena, wale dagaa wetu wa ziwani, na majani mabichi yaliyokauka kwenye nguo zetu. Nimeishi kwenye nyumba nzuri zaidi baadaye. Sijakipenda chumba kingine hivyo.

Mfereji ulikuwa mwisho wa laini, mmoja kwa vyumba ishirini. Wiki ya pili baada ya mimi kufika, ukakohoa, ukatema kutu, ukanyamaza. Mimi nimezaliwa ufukweni. Kwetu maji ni kitu unachokimbia kisikulowanishe, si kitu cha kutafuta. Nilidhani yatarudi jioni. Zablon Nyakwaka, nyapara wa kambi, aliyeshika funguo za nyumba ya pampu, akaja akasimama mbele yetu, kofia mkononi, akasema pampu imekufa na spea inatoka Nakuru. Alikuwa mtu wa kwetu kwa lugha, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kuimba ambayo ilikuwa inaniliza Jumapili. Wote tulimwita jaduong', mzee wetu. Tulimwamini. Kwa wiki nyingi ukimwuliza mtu habari ya maji, alikujibu spea iko njiani, mpaka ikawa salamu. Akinyi akiamka asubuhi ananiita dada kwa lugha yetu, "Nyaminwa, umeota nini?" Namjibu, "Nimeota spea."

Mwezi wa kwanza mvua ilikuwa bado inakuja kwa kuibia. Nyumba hazikuwa na gata, kwa hiyo tulitumia aproni. Mchunaji huvaa aproni ya plastiki nzito kujikinga na umande na vijiti vya chai. Sisi tukirudi kazini tulizivua, tukazifunga kwa kamba kwenye ukingo wa bati, ncha moja ikiingia kwenye sufuria. Ukitazama laini nzima ungedhani ni watu wamejinyonga kwa mstari. Maji yalishuka yakiwa na rangi ya utomvu na ladha ya shamba. Akinyi aliyachemsha, akaonja, akasema angalau haya yameshatiwa majani, bado sukari tu. Mwezi wa pili mvua ikakata. Hapo tukaanza kuteka mtaroni, ule mtaro unaopita chini ya vyoo vya laini ya juu. Tulichuja kwa kitambaa. Kuni zikiwepo tulichemsha, zisipokuwepo tulikunywa hivyo hivyo, kwa sababu mtu aliyechuna tangu alfajiri hasubiri moto.

Nikaugua. Taifodi ilinilaza hospitali ya misheni siku kumi na saba, na nilipotoka nywele zilikuwa zinatoka kwa mkono na sikio la kushoto limekuwa kama limejazwa pamba. Mtoto wa chumba cha tisa aliugua wiki ile ile, na yeye hakutoka. Alikuwa anaitwa Bonface. Namwandika hapa kwa sababu kwenye kitabu cha kambi, alichokiandika karani Weldon Kirui kwa mkono wake mzuri, wiki ile yote imeandikwa kwamba mfereji unatoa maji vizuri. Hilo nililijua baadaye.

Akinyi aliapa kwamba tone la mtaroni haliingii tena chumbani kwetu. Ng'ambo ya ua wa shamba, bondeni, kulikuwa na chemchemi ya mjane mmoja Mkipsigis, mkulima mdogo mwenye chai yake, ng'ombe watatu na mahindi. Watu wa laini walikuwa hawaendi kule. Miaka ile watu wa kijiji na watu wa laini waliangaliana kwa pembe ya jicho, kila upande umeshasikia maneno ya upande mwingine. Mimi nilikuwa mgeni kuliko wote, hata wa kunichukia vizuri hawakuwepo. Nikachukua dumu la lita ishirini, ambalo Akinyi aliniambia kila siku kwamba linaitwa mtungi, nikashuka.

Alikuwa ameinama akikata nyasi kwa panga, mwanamke mrefu, koti la mwanamume, buti za mpira. Nilisimama mbali nikasema kwa Kiswahili cha kwetu, shikamoo mama, naomba maji. Akanyoosha mgongo akanitazama mpaka nikataka kurudi. Baadaye aliniambia ni ile naomba iliyomshangaza, kwao watu husema nipe tu, alidhani nimetoka kwenye ubatizo. Nikaanza kujieleza, jina langu nani, natoka wapi, nikijua hapo ndipo uongo utaanza, kwa sababu kwenye laini nilikuwa Akinyi. Akainua mkono.

"Kwa maji hatuulizi jina," akasema. "Jina tunauliza kwa nyumba. Hii maji si piashara. Chota."

Masharti yalikuwa machache. Chombo chako hakigusi chemchemi. Unachota kwa kata yake iliyoning'inia kwenye mti, unamimina. Sabuni haishuki bondeni. Aliyekuja na mtoto mgongoni anapita mbele. Basi. Wiki ile nilirudi na Akinyi, wiki iliyofuata laini nzima ilikuwa inashuka. Watu walimwita Kobot Chelangat, yaani mama yake Chelangat, na Chelangat mwenyewe alikuwa wa umri wangu, amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani anasubiri maisha.

Sasa nieleze kosa langu, maana bila hilo kosa nisingekuwa na hadithi. Siku moja nilitaka kumshukuru yule mama nikamkuta hayupo. Nje ya jiko kulikuwa na vibuyu virefu vimelazwa juani. Nikachungulia kimoja: ndani cheusi ti, kama chungu cha mchawi, na harufu ya moshi. Nikamwonea huruma. Nikawaza, masikini, mjane, shamba linamshinda hata vyombo haoshi. Nikachukua mchanga, sabuni ya unga kutoka mfukoni mwangu, na dumu langu zima nililolipangia foleni asubuhi, nikakaa mbali na bonde, nikakisugua kile kibuyu ndani kwa kijiti na kitambaa mpaka maji yakatoka meupe na kibuyu kikawa cha manjano kama siku kilipokatwa. Nilikuwa naimba. Chelangat akatokea, akatazama dimbwi jeusi miguuni mwangu, akashika mdomo.

"Umeosha sotet ya mama," akasema polepole. "Na Omo."

Kumbe ile nyeusi ndiyo mali yenyewe. Ni mkaa wa mti wa senetwet, unachomwa ncha, unasuguliwa ndani ya kibuyu kwa ufagio mwembamba, siku baada ya siku, na maziwa yakilala humo yanakuwa mursik. Kibuyu kile kilikuwa kimelelewa tangu Kobot Chelangat alipoolewa. Nimeondoa ndoa nzima kwa sabuni. Aliporudi alikiona kile cha manjano. Alikichukua, akatia pua ndani, akakaa chini kwenye nyasi na buti zake, mabega yakaanza kutetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka anajifuta macho kwa leso, anamwambia Chelangat kwa Kikipsigis maneno ambayo Chelangat alikataa kunitafsiria. Kisha akanipa hukumu: nitakuja kila siku baada ya kupima majani, nikilee kibuyu mwenyewe, mpaka kirudi kuwa na harufu ya binadamu.

Kwa hiyo nikawa mtu wa jikoni mle. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tena. Nilijifunza kuvunja ncha ya kaa, kuisugua bila kuchubua, kupuliza vumbi. Tulikula kimyet, ndio ugali wao, mgumu kuliko wetu, na mboga ya managu iliyolala kwenye maziwa. Siku moja Akinyi alileta zawadi ya omena. Kobot Chelangat akafungua karatasi, akafunga, akafungua tena. Akasema hawezi kula kitu kinachomwangalia hivyo, tena kwa macho mengi. Akinyi akamwambia, "Mama, funga macho yako basi, mtakuwa sawa." Alikula mbili, akaomba maziwa ya kusukumia. Nilipokuwa nimekaa upande wa sikio zima nilisikia kila kitu, na nilipokuwa upande mwingine Chelangat alinigusa goti akanirudia maneno, bila mtu kumwambia afanye hivyo.

Ni mle jikoni nilimosikia habari ya matofali. Shemeji ya Kobot Chelangat, mzee arap Rono, alikuja kulalamika. Aliongea kwa Kiswahili makusudi ili nisikie. Chemchemi imekuwa matope, ng'ombe wake wanasubiri watu mia wachote, na mwisho wa mwezi ataweka ua na kufuli, kwa sababu bonde ni la ukoo si la mjane peke yake. Kobot Chelangat akasema watu wana kiu. Arap Rono akasema, "Kiu kani? Si wako na bomba? Hiyo maji yao inamwagika kutwa pale kwa matofali ya Nyakwaka, nimepita leo nikavua kiatu."

Jumapili baada ya kanisa tukaenda kuona, mimi na Akinyi. Nyuma ya miti ya kampuni, karibu na barabara ya Kimulot, kulikuwa na shimo la udongo, safu na safu za matofali mabichi yamefunikwa nyasi, na mpira mweusi umetoka moja kwa moja kwenye bomba la laini yetu, unamwaga maji mazuri kama ya ubatizo. Matofali hutengenezwa kiangazi, ndipo yanapokauka. Ndiyo maana pampu yetu ilikufa mvua zilipoanza kukata. Zablon alikuwa amekunja suruali, anakanyaga udongo, anaimba wimbo ule ule tuliotoka kuuimba naye. Weldon Kirui alikuwa amekaa kwenye gogo anakula mua, kwa sababu walikuwa wawili kwenye biashara ile. Zablon alituona. Hakukimbia. Alinijia mpaka karibu.

"Mtanzania," akasema kwa upole wake wa kanisani, "wewe huna hata jina hapa. Kunywa maji ya huyo mama, na unyamaze."

Akinyi hakulala alipojua nataka kumwambia meneja, na kunizuia kwake hakukuwa ubaya. Alisema nikinyamaza tutaishi, mvua inakuja, nikisema watanitupa nje ya lango na yeye pamoja nami, na kwao kuna watu wanaomtegemea. Alikuwa na haki. Mimi nilikuwa nafikiria kufuli ya arap Rono. Ikifungwa, laini yote inarudi mtaroni, na mama yake Bonface alikuwa amebaki na mwingine, wa miezi minane.

Meneja wa shamba alipita kwenye mizani alasiri ya Jumatano, kama kawaida yake. Tulikuwa kwenye mstari, vikapu mgongoni. Nikatoka. Majani yakamwagika nyuma yangu. Nikasema kwa Kiswahili changu cha naomba kwamba pampu haijafa, maji yanatengeneza matofali ya nyapara na karani, na kama bwana meneja ana dakika kumi, miguu yake itamwonyesha. Meneja akauliza mimi ni nani, namba yangu ngapi. Weldon Kirui akafungua kitabu haraka kama mtu aliyekuwa anaisubiri siku hiyo, akasoma, akasema mtu huyu hayupo. Ndipo Akinyi, ambaye usiku mzima alinisihi ninyamaze, akaweka kikapu chini. "Yuko," akasema. "Ni mimi nilimleta. Majani ya namba yangu nusu ni yake. Na maji pia amesema ukweli."

Meneja alikwenda, akaona. Siku ya tatu mfereji ulikohoa, ukatema kutu, ukatoa maji, na wanawake wa laini wakaukumbatia kama mgonjwa aliyetoka hospitali. Zablon Nyakwaka akahamishwa laini nyingine, na cheo chake. Weldon Kirui akabaki na kalamu yake. Akinyi akapewa onyo la maandishi. Mimi nikapewa mpaka saa sita mchana niwe nimetoka, kwa sababu sikuwa mtu halali. Nimefanya kazi nyingi baada ya hapo, nimeona mengi, lakini hilo bado linanikwama kooni: mwizi wa maji alihamishwa, aliyesema alifukuzwa. Hakuna aliyemwendea mama yake Bonface kumwambia chochote.

Nilishuka bondeni na mfuko wangu wa plastiki. Kobot Chelangat alikuwa mlangoni, habari imeshamfikia. Nikasimama pale pale niliposimama siku ya kwanza. Hakuuliza kilichotokea.

"Ingia," akasema. Nilipovuka kizingiti akanishika bega. "Sasa niambie jina."

Nikamwambia, Perusi Atieno. Akalirudia mara mbili, akalionja kama maziwa. Kisha akasema, haya Perusi, kibuyu chako kiko pale, leo hakijasuguliwa. Nilikaa nyumbani kwake mpaka Desemba, nikichuna chai yake, na kufuli ya arap Rono haikufungwa kamwe. Siku ya kuondoka alinipa kile kibuyu. Kilikuwa kimerudi kuwa cheusi.

Nimekwenda kumzika. Akinyi alikuja kutoka kwao, mnene sasa, anavaa miwani, bado anasema napiga mateke. Bonde lina tangi la saruji siku hizi, na bomba, lakini kata bado inaning'inia kwenye mti. Chelangat alinipa kazi ya watoto wa nyumbani, kusimama na kata pale bondeni niwape maji waombolezaji wanaoshuka na jua. Nikachota, nikamimina, nikachota. Akaja mzee na mkongojo, kofia mkononi. Kumbe hakurudi kwao alipostaafu. Alinunua kipande karibu na soko la Kimulot, akajenga, na nyumba yake ni ya matofali. Nilimjua kwa sauti kabla ya uso. Aliomba maji. Miaka yote hii nimekuwa na maneno yangu ya kumwambia Zablon Nyakwaka, nimeyapanga kichwani nikipika, nikifua, nikipiga foleni ya maji hapa kwetu. Nilikuwa nimeshika kata imejaa. Yeye akanikazia macho yake mabovu.

"Mama, sura yako naifahamu," akasema. "Wewe ni nani?"

"Kwa maji hatuulizi jina, mzee," nikamwambia.

Nikammiminia kikombe mpaka juu. Alikunywa chote, akaniomba cha pili, na nikampa. Kisha nikarudisha kata kwenye mti wake, nikapanda nyumbani kukaa na Chelangat.